Mzinga wa Nne

Maarika wa ghorofa ya chini, hapa Karlova, Tartu,
ana kanda za Elmar, babu yake mumewe, mfuga nyuki.
Sauti ya mwaka sabini na nne, nzito ya alfajiri,
inasema polepole, kama inayosoma mizani:
"Mzinga wa nne. Malkia yupo. Asali kidogo."
Kisha nyuki. Nyuki tu, dakika nzima.

Programu yake ina vifundo thelathini na kimoja.
Zungusha viwili vitatu, mngurumo wote unafutika,
ila mngurumo ndio nyuki wenyewe;
na ukiwaacha nyuki, Elmar anazama.
Wiki mbili alitafuta, jioni akitoka duka la dawa,
supu ya njegere ikipoa, theluji ya Machi ikigeuka tope,
robo nukta kushoto, unywele mmoja kulia,
hadi Alhamisi, saa saba na dakika kumi usiku,
akawasikia wote, mzee na mzinga,
kama watu waliokaa benchi moja bila kusukumana.

Akaenda kuchemsha maji.
Aliporudi kioo kilikuwa cheusi,
kisha bluu, kisha picha ya mlima ambao hakuuomba.

Kanda ipo. Kanda haikuguswa.
Vifundo vyote vimesimama kwenye sifuri,
kama askari wasiojua kwamba kulikuwa na vita.

Asubuhi alinigongea.
Alichojua ni kwamba mimi ni mtu wa kompyuta.
Nikakitazama kile kidirisha cha kijivu
nikakitambua, kama mtu anavyoutambua mwandiko wake
kwenye barua aliyodhani ilichomwa.

Ni mimi.
Miaka kumi na moja nyuma, Tallinn, chumba cha mkutano,
biskuti za bure, na umri wa kujua kila kitu,
nilisema kuhifadhi ni wajibu wa mtumiaji.
Kitufe kipo, nikasema. Wabofye.
Leena peke yake alibisha, Leena wa majaribio,
aliyefuma soksi tukijadili bajeti:
"Soksi yangu nikiiweka chini haijifumui."
Tukacheka. Tukaenda ajenda ya tano.

Mali bila daftari hupotea bila habari, sawa,
lakini daftari nilikuwa nimelikalia mimi.

Redio ya jikoni kwa mama ilibaki
kwenye stesheni aliyoiacha, hata alipokwisha kuzikwa.
Mlango ulioachwa wazi kidogo hubaki wazi kidogo.
Kiti ulichokisogeza karibu na dirisha
hakikuulizi unapoinuka: je, unataka nikae hapa?
Dunia nzima hukumbuka bila kuombwa;
sisi ndio tuliounda kitu kinachosahau kwa adabu,
halafu tukamwachia aliyechoka lawama.

Najua hoja ya pili, niliitumia pia:
je, akikosea, mashine ihifadhi kosa?
Ihifadhi. Na kosa, na hatua iliyotangulia kosa,
na iliyoitangulia hiyo,
ili mtu arudi nyuma akijua anakokwenda.
Gharama yake ni ndogo kuliko biskuti zile.

Sikumwambia. Nilipanda juu kuchukua penseli.
Jumapili nzima tulikaa, yeye akizungusha,
mimi nikiandika nyuma ya bahasha za duka la dawa:
cha kwanza, hasi nne; cha tisa, nusu; cha kumi na mbili, acha.
Karibu saa kumi Elmar akatokea. "Mzinga wa nne."
Maarika akainamisha kichwa, akasikiliza, akasema, "Siye.
Yuko jirani. Nyuki wamekuwa mvua."
Nikaandika na hilo: nyuki wamekuwa mvua.
Bahasha ya sita. Penseli imebaki kipande.
Mumewe akatuletea chai, akauliza tunatafuta nini,
na kila mmoja akasubiri mwenzake ajibu.